Shingo Mbili, Meza Moja

Tangu nistaafu na kuwaachia meza yangu ya ufundi mwezi uliopita, simu yangu haijapumzika. "Mathe, nimekutumia picha ya gitaa. Hii ni ya Marekani ama ni kopi?" Wanangu, picha haina uzito, haina harufu, na haifunguki kwa bisibisi. Nimechoka kumjibu kila mmoja peke yake, na magoti yangu hayataki tena kushuka ngazi za hapa Tassia kuja kuwaonyesha. Kwa hiyo nimenunua daftari. Nitaandika niliyoyaona kazini, na mengi yatahusu magitaa yanayofanana, maana hayo ndiyo yaliyonilisha, na ndiyo yaliyokaribia kuniaibisha.

Watu hupenda kuniuliza mwanamke aliingiaje kwenye kazi hii. Aliingia kwa miguu. Kila asubuhi nilitembea kutoka Makadara hadi Industrial Area hapa Nairobi, kwenye kiwanda kimoja kilichounganisha redio. Sisi wasichana tuliwekwa upande wa koili, kuzungusha waya wa shaba mwembamba kama unywele, kwa sababu msimamizi alisema vidole vya wanawake ni vyembamba. Vyangu si vyembamba. Baba yangu alikuwa mchonga vinyago kule Ukambani, na vidole nilirithi vyake. Nilichokuwa nacho ni subira, na waya haukukatika mkononi mwangu. Kiwanda kilipopunguza watu nilikuwa miongoni mwa wa kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyeuliza kwa nini tuzungushe koili tumesimama ilhali viti vipo.

Jirani akaniambia kuna fundi Pumwani anayetafuta mtu wa kuzungusha koili. Nilimkuta Fundi Salim amekaa mlangoni pa karakana yake, kofia kichwani, kikombe cha kahawa chungu mkononi. Alikuwa mtu wa Majengo, baba yake alitoka Lamu. Alianza kwa kutengeneza udi, zile ala za nyuzi zinazopigwa harusini, akaja kwenye redio, na magitaa ya umeme yalipoingia mjini, yeye ndiye aliyekuwa na moyo wa kuyafungua. Hakuniuliza cheti. Alinipa kinasa kilichokufa, yaani kile kisanduku chenye sumaku na koili kinachokaa chini ya nyuzi na kusikiliza. Akasema, "Kitazame, mwanangu," kisha akaenda kuswali.

Aliporudi jioni alikuta nimeufungua waya wote hadi mwisho, na mizunguko nimeiandika kwenye mkono wangu kwa kalamu, maelfu kwa maelfu.

"Umehesabu?" akauliza.

"Nimehesabu."

"Nani kakwambia uhesabu?"

"Hakuna aliyeniambia, Fundi. Sasa nitarudishaje kitu nisichojua kilikuwa kiasi gani?"

Akanywa kahawa yake. "Basi kesho njoo mapema." Hiyo ndiyo barua yangu ya kuajiriwa. Yeye alianza kuniita Koili, na mtaa ukaongeza Mama mbele kabla sijapata mtoto hata mmoja.

Miaka hiyo ya sabini Eastlands ilikuwa na bendi nyingi kuliko mabomba ya maji. Magitaa yalikuwa na majina yake ya kiwandani, nasi tulikuwa na yetu. Lenye pembe mbili na vinasa vitatu tuliliita Pembe. Lile lililo kama ubao uliokatwa upande mmoja lilikuwa Kasia. Na lile zito, lenye kifua kilichotuna, lilikuwa Mjamzito, na walilibeba hivyo hivyo, kwa heshima na kulalamika. Kisha yakaja ya Kijapani. Waliyapima ya Marekani pembe kwa pembe, tundu kwa tundu, wakatengeneza yao, na ukiyaweka ukutani hujui lipi lilizaa lipi. Msiyadharau. Mengine yalikuwa mazuri sana, na nimewahi kulia nikisikia moja likipigwa. Kopi si tusi. Tusi ni kumuuzia mtu kopi kwa jina la baba yake.

Fundi Salim alinifundisha hivi: usisome jina. Jina ni karatasi iliyobandikwa kichwani na kupakwa vanishi, na River Road palikuwa na bwana aliyekubandikia lolote ukingoja. Linyanyue kwanza, mkono wako utakwambia jambo. Kisha ligonge mgongoni kwa kifundo cha kidole: mbao nzima hujibu, plaiwudi hukohoa. Halafu ndipo ufungue. Chini ya bamba la plastiki, mahali rangi isipofika, utaona kama ni ubao mmoja au ni tabaka juu ya tabaka. Ing'oe shingo uangalie kisigino chake, mafundi wa Marekani walipenda kuandika pale kwa penseli. Mwisho chukua funguo za pembe sita, zile za kukazia chuma kilicho ndani ya shingo. Mmarekani hupima kwa inchi, Mjapani kwa milimita. Ufunguo wenye kipimo chake huingia ukakaa kama mgeni aliyealikwa, usio wake utacheza ndani au utakataa kabisa. Mtu anaweza kudanganya kwa rangi na kwa jina, lakini sijaona aliyekumbuka kudanganya kwa kipimo cha skrubu.

Bwana mmoja wa Huruma alituletea Kasia, akaapa kwamba limetoka Marekani mikononi mwa shemeji yake. Nilipofungua bamba nikakuta kipande cha gazeti kimesokotwa ndani kuzuia waya usigonge, maandishi yote ya Kijapani. Nikamwonyesha. Akakigeuzageuza, akasema, "Si hata Wamarekani wanasoma magazeti ya nje." Sikubishana naye. Mteja aliyelipenda gitaa lake ni nusu ya ukarabati.

Nami nilikosea. Niliwahi kulihukumu Pembe moja kuwa kopi kwa sababu shingo yake ilishikwa na skrubu tatu, ilhali nilizoea nne. Kumbe Wamarekani wenyewe walibadilisha, wakapunguza moja. Fundi alinicheka siku mbili, na siku ya tatu akanituma nikamwombe mwenye gitaa radhi hadi kwake Jericho, kwa miguu, jua la saa saba.

Fundi Salim alikuwa na sheria moja asiyoichezea: shingo mbili hazilali meza moja. Ukiing'oa shingo ya gitaa, usiguse gitaa jingine mpaka hiyo imerudi mahali pake. Mimi niliiona ni sheria ya wazee, kama ile ya kutopiga mluzi ndani ya nyumba.

Sasa nije kwenye magitaa mawili ya kijani.

Lazima mjue kwamba wakati ule wanamuziki wengi hawakuwa na vyombo. Vyombo vilikuwa vya tajiri, mwenye baa mara nyingi, na yeye aliitwa Mwenye Vyombo. Mwanamuziki alikuja na vidole vyake tu. Ukikosana na Mwenye Vyombo ulitoka mikono mitupu, na ukisemwa kwamba umetoka na kitu chake, hakuna bendi nyingine ambayo ingekugusa, kuanzia Kariobangi hadi Mombasa.

Mwenye Vyombo mmoja aliitwa Gathogo, mwenye baa Jericho, mtu mkubwa wa kicheko kikubwa, na hasira zake zilikuwa za kipimo kile kile. Alikuwa na Pembe la Marekani alilolipata kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na hilo lilipigwa na mpwa wake. Mpiga solo wake alikuwa Mutiso, kijana wa kwetu Machakos, mpole, na yeye alikuwa kioja kwa sababu alikuja na gitaa lake mwenyewe, Pembe la Kijapani. Pasaka ilipokaribia, Gathogo aliwashonea wanamuziki suti za kijani. Wakati ule bendi iliyojiheshimu ilivalisha hata vyombo sare. Akaamuru magitaa yote mawili yapuliziwe rangi ya kijani, mwili na kichwa, na majina ya vichwani yapigwe msasa yatoke.

Yaliletwa kwetu kufunguliwa. Fundi Salim alikuwa amesafiri kwenda kuzika Mombasa. Niling'oa shingo zote mbili, miili na vichwa vikapuliziwa rangi kwenye gereji ya jirani, vikarudi vinang'aa kama maembe mabichi, na Gathogo ametuma mtu mara tatu kuuliza. Shingo zote mbili zilikuwa mezani pangu. Nikafunga. Moja ililegea kidogo mahali pake, nikaiwekea kadi ya boksi la kiberiti, ikakaa. Wakacheza Pasaka, watu wakasifu, nami nikajisifu.

Mwaka ukapita. Mutiso akakosana na Gathogo kuhusu nyimbo, akaaga kistaarabu, akachukua gitaa lake akaenda. Wiki hiyo hiyo Gathogo akamshtaki kwa chifu kwamba ametoka na la Marekani na kumwachia la Kijapani. Magitaa yote mawili yakachukuliwa, yakawekwa ofisini kwa chifu. Mutiso alikuja karakana uso umemwiva.

"Siste," aliniambia, kwa kuwa tulikuwa watu wa nyumbani, "sijaiba kitu ya mtu. Wananiita mwizi mpaka kwa bomba ya maji. Mamangu amesikia huko nyumbani. Chifu amesema Jumamosi fundi akiamua vibaya, naenda ndani."

"Fundi gani?"

"Nyinyi. Gathogo mwenyewe ndiye amesema mwende, na mimi nikakubali."

Fundi Salim alikuwa na mtoto wa jicho wakati ule. Alisema, "Macho yangu hayasomi tena. Koili ataamua." Nikafurahi, na sitawaficha, nilifurahi kwa kiburi. Nilijua kutenganisha magitaa hayo hata nikifumba macho.

Jumamosi asubuhi ukumbi wa mtaa ulijaa. Wanamuziki walikuja kutoka kila mtaa, maana kila mmoja alijua yanayompata Mutiso leo yatampata yeye kesho. Chifu aliketi mbele, magitaa mawili ya kijani mezani. Kando ya mlango alisimama askari mwenye pingu kiunoni. Fundi Salim alikaa karibu nami na fimbo yake.

Gathogo alianza. "Chifu, mimi sina maneno mingi. Hii gita Mutiso alitoka nayo ni yangu. Yule Mmarekani alikuwa anachomeka sigara hapa kwa kichwa akipiga, ikachoma shimo kwa huu ukingo. Rangi imefunika, lakini wekelea kidole. Hiyo ingine alituachia haina."

Chifu aliweka kidole. Akatikisa kichwa kukubali. Ukumbi ukanguruma.

Mutiso akasimama. "Chifu, hiyo gita nilifanya utanboi kwa lori ya mawe, kupakia na kupakua, miaka tatu nikiitafuta. Fungua hiyo plastiki. Ndani nimeandika jina ya mamangu na msumari, kabla sijajua hata bendi ya huyu mzee ni gani."

Nilifungua skrubu za bamba, nikalinyanyua. Pale kwenye ubao, mahali rangi haikufika, palikwaruzwa: SYOMBUA. Ukumbi ukalipuka upande wa pili.

"Mama," chifu akaniambia, "gita moja haiwezi kuwa ya watu wawili."

Nilikuwa nimeshaona kitu kingine. Chini ya lile jina, ubao ulikuwa wa tabaka. Plaiwudi. Huo ulikuwa mwili wa Mjapani, hauna ubishi. Lakini kichwa kilikuwa na alama ya sigara ya yule Mmarekani. Nikalipindua gitaa, nikafungua skrubu nne za mgongoni, shingo ikatoka. Kwenye kisigino chake palikuwa na maandishi ya penseli kwa mwandiko wa Kizungu. Na kutoka kwenye kile kitundu cha shingo ikaanguka mezani kadi ya boksi la kiberiti, imekatwa pembe moja. Mimi ndiye hukata pembe moja, ili nijue upande wa juu.

Nilijua pale pale. Hakuna mtu aliyeiba. Gathogo alisema kweli kuhusu kichwa, Mutiso alisema kweli kuhusu mwili, na mwongo hakuwapo. Alikuwapo fundi aliyelaza shingo mbili meza moja.

Gathogo aliona nimeduwaa, naye hakuwa mtu mbaya. Akanirushia kamba. "Ama ni yule mtu wa kupiga rangi alichanganya?"

Yule mpiga rangi alikuwa amesharudi kwao Busia. Hangejua kamwe. Wanangu, nitawaambia ukweli: nililifikiria jambo hilo. Nilifikiria wanaume wote mle ndani waliowahi kusema kwamba gitaa si kazi ya mwanamke, nikawaona wamekaa safu ya mbele, wananingoja. Kisha nikamwangalia Mutiso. Nikisema ni mpiga rangi, maneno yatabaki kwamba labda Mutiso alielewana naye. Ingebaki harufu, na harufu inatosha kumfukuza mtu katika kila bendi.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Niling'oa shingo zote mbili siku moja, nikazirudisha kinyume. Hii kadi ni yangu. Mutiso hakuiba kitu, na Mzee Gathogo hakudanganya."

Fundi Salim akajiinua kwa fimbo yake. "Karakana ni yangu, chifu. Kosa ni langu."

"Hapana, Fundi," nikamwambia, na hiyo ndiyo mara pekee niliyowahi kumkatiza. "Wewe ulinikataza. Mikono ilikuwa yangu."

Chifu hakuwa mtu wa kumeza maneno bila kutafuna. "Mtu anaweza kusema hivyo ili amsaidie mtu wa kwao. Nionyeshe."

Nikafungua na lile la pili. Mwili ubao mmoja mzima, shingo yenye kisigino kitupu. Nikatoa funguo zangu mbili za pembe sita, nikampa chifu mwenyewe ashike. Ufunguo wa inchi uliingia kwenye shingo yenye alama ya sigara, ukakaa kimya. Wa milimita ukacheza humo ndani. Tukahamia shingo ya pili, mambo yakawa kinyume. Chifu alirudia mara nne, ulimi nje, na nikaona ameanza kufurahia.

"Sasa wewe Mutiso," akauliza, "mwaka mzima hukuona kwamba umewekewa shingo ya mwingine?"

"Niliona, chifu. Ilikuwa imekuwa laini sana. Nikasema, huyu Mama Koili kweli ni fundi."

Ukumbi ulicheka hadi madirisha yakatetemeka, na mpwa wa Gathogo akaruka juu ya kiti. "Na mimi nilikuwa nawaambia hii gita imekuwa ngumu! Mkasema ni vidole vyangu!"

Kicheko kilipotulia, chifu akauliza ni fundi gani aitwe kuyarudisha. Mafundi watatu waliinua mikono, na wawili kati yao ni wale wa safu ya mbele. Nilianza kukusanya bisibisi zangu. Gathogo akainuka, akasukuma gitaa lake mbele yangu kwa kiganja.

"Afunge huyu," akasema. "Hao wengine sijui wakikosea wananiambia nini."

Mutiso akasukuma la kwake likakaa kando ya lile.

Nilifunga moja hadi mwisho kabla sijaligusa la pili, watu mia wakinitazama mikono. Nilipotia nyuzi kwenye la Mutiso na kuzikaza, mtu alikuwa amekwisha kuleta kipaza sauti kidogo cha gitaa kutoka chumba cha nyuma. Mutiso akalichomeka. Shingo ilikuwa ngumu, ile yake halisi, na alikunja uso mara ya kwanza, kisha vidole vikaikumbuka. Alipiga solo fupi tu, na nitawaambia bila aibu kwamba machozi yalinitoka, mimi na Fundi Salim pia, ingawa yeye alisingizia mtoto wa jicho.

Gathogo alimpa mkono mbele ya watu wote. "Mutiso, nimekukosea. Rudi Jumamosi, suti yako iko."

"Nimesikia, mzee, na nimesamehe," Mutiso akajibu. "Lakini suti mpe mwingine. Mimi naanza bendi yangu, kitu ya kuanzia niko nayo."

Ukumbi mzima ukasimama. Mutiso hakulitia gitaa kwenye mfuko wake. Alilishika shingo, akalielekeza kichwa juu, akaanza kutembea kuelekea mlango wa mbele, katikati ya watu waliokuwa wamemwita mwizi wiki nzima. Walikuwa wamesongamana hata njia haipo. Ndipo yule askari akaacha ukuta aliokuwa ameegemea, akatangulia mbele yake, akiwasukuma watu kwa mikono miwili.

"Pisheni!" akapaza sauti. "Pisheni mwenye gita apite!"